Kuanza Morrowind: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Morrowind ilitoka Mei 2002, na mpaka leo bado kuna watu wanaoifungua kwa mara ya kwanza. Wengi huiacha ndani ya saa mbili. Wamempiga panya mara kumi upanga ukipita hewani, wamepotea njiani, kisha wakaamua kwamba gemu imezeeka. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya saa hizo mbili. Ukizivuka, hutahitaji mtu wa kukushawishi uendelee.

Morrowind ni gemu ya namna gani?

Ni gemu ya kuigiza mhusika iliyotengenezwa na Bethesda, ya tatu katika mfululizo mkuu wa The Elder Scrolls. Unashushwa kutoka meli ya wafungwa kwenye kisiwa cha Vvardenfell, chenye volkano kubwa katikati, Red Mountain. Umeachiwa huru kwa amri ya Mfalme Mkuu na hujui kwa nini. Unakabidhiwa kifurushi cha nyaraka, unatajiwa jina la mtu wa kumpelekea, na mlango unafunguliwa. Kuanzia hapo hakuna anayekushika mkono. Unaweza kumpelekea mtu huyo kifurushi siku hiyo hiyo, baada ya mwaka mzima wa ndani ya gemu, au usimpelekee kabisa.

Kisiwa chenyewe hakifanani na nchi za njozi ulizozizoea. Kuna miti ya uyoga mirefu kama minara, nyumba zilizojengwa ndani ya gamba la mnyama mkubwa, na miungu mitatu ambayo mmoja wao anaishi katika jumba lake mjini na unaweza kufika mbele yake mkazungumza. Siasa za dini, ukoloni wa Dola na ugomvi wa koo kubwa zimesukwa katika kila mazungumzo. Kwangu mimi, hakuna gemu nyingine katika mfululizo huu iliyojenga ulimwengu kwa ukamilifu kama huu.

Ni lazima nicheze zilizotangulia?

Hapana. Arena ya 1994 na Daggerfall ya 1996 zina hadithi zao. Mhusika wako mwenyewe ni mgeni kisiwani, kwa hiyo kila kitu ataelezwa kama mgeni.

Ninunue toleo lipi, na kompyuta yangu itaiweza?

Nunua toleo la Game of the Year. Lina gemu yenyewe pamoja na nyongeza mbili, Tribunal ya 2002 na Bloodmoon ya 2003. Linapatikana kwenye maduka ya mtandaoni ya Steam na GOG. Hata kama huna mpango wa kuzicheza nyongeza hizo karibuni, zinafaa kuwemo, kwa sababu zilirekebisha shajara: katika gemu ya awali maandishi yote yalifuatana kwa tarehe tu, na kuitafuta kazi ya wiki iliyopita kulikuwa adha tupu.

Kuhusu kompyuta, mwaka 2002 gemu hii ilitaka prosesa ya 500 MHz na nafasi ya GB 1 kwenye diski. Kompyuta yoyote inayofanya kazi leo inaiweza. Jambo moja la kuzingatia kwenye Windows: usiiweke ndani ya folda ya Program Files. Windows hulinda folda hiyo, na ukija kuongeza modi, yaani marekebisho na nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji, utapata matatizo yasiyoeleweka chanzo chake. Tengeneza folda yako pembeni.

OpenMW ni nini?

Ni injini mpya ya kuendeshea Morrowind, iliyoandikwa upya na watu wanaojitolea na kutolewa bure. Haiji na gemu. Unahitaji kuwa na nakala yako, kisha OpenMW inasoma mafaili yake. Inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS, inakubali skrini pana bila kuhangaika, na imeondoa hitilafu nyingi za injini ya zamani.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni aitumie. Zipo modi zilizoandikwa kwa ajili ya injini ya zamani pekee, lakini wewe bado huzihitaji.

Basi niweke modi gani kabla ya kuanza?

Karibu hakuna. Patch for Purists inatosha: inarekebisha makosa ya maandishi na ya misheni bila kugusa mizani ya gemu. Ukibaki kwenye injini ya zamani, ongeza Morrowind Code Patch.

Najua kishawishi kilivyo. Utaona picha za Vvardenfell yenye majani mapya, maji mapya na nyuso mpya, na utataka vyote. Lakini mtu anayeweka modi mia moja kabla ya kucheza hutumia wiki nzima akitengeneza gemu asiyoijua, na kikiharibika kitu hajui kama ndivyo kilivyo au ni modi imekiharibu. Cheza kwanza. Ukishakipenda kisiwa, hata Tamriel Rebuilt utaikuta inakusubiri: hiyo ni kazi ya miaka mingi ya wapenzi wa gemu hii wanaojenga bara la Morrowind ambalo Bethesda haikuliweka, na ni kubwa kiasi kwamba itakufaa zaidi ukiwa tayari unaujua upande huu wa bahari.

Nichague jamii na fani gani?

Kuna jamii 10, fani 21 zilizokwisha kupangwa, na nafasi ya kujitungia fani yako mwenyewe. Jitungie. Fani nyingi zilizopangwa zimechanganya stadi ambazo hutazitumia pamoja.

Stadi zote ni 27. Unachagua 5 kuu zinazoanza na alama 30, 5 za pili zinazoanza na 15, na zilizobaki zinaanza na 5. Juu ya hapo unaongezewa za jamii yako, na 5 kwa kila stadi iliyo katika mkondo uliouchagua, yaani vita, uchawi au unyemelezi. Kanuni ya kushika ni hii: weka silaha moja, moja tu, katika stadi kuu, na uchague jamii inayoiongezea silaha hiyo. Mtu wa jamii ya Redguard mwenye Long Blade (panga ndefu) kama stadi kuu na mkondo wa vita anaanza na 50. Mtu aliyeokota upanga huo bila kuusomea anaanza na 5. Hao ni watu wawili wanaocheza gemu mbili tofauti.

Kwa mara ya kwanza napendekeza Redguard, Nord au Orc kwa anayetaka kupigana, Breton kwa anayetaka uchawi na uhai mrefu, na Dunmer kwa anayetaka kuonja kila kitu. Argonian na Khajiit wana mvuto wao, ila hawavai viatu wala kofia za chuma zinazofunika uso, na katika baadhi ya nyumba utakutana na watu wa jamii zao wakiwa watumwa. Kucheza kama mmoja wao kunabadilisha unavyokitazama kisiwa kizima. Huo ni uzoefu mzito, na unastahili safari ya pili.

Na nyota ya kuzaliwa?

Kama huna uhakika, chukua The Lady. Inaongeza 25 kwenye sifa ya Endurance (ustahimilivu) na 25 kwenye Personality (mvuto). Endurance ndiyo inayoamua unaongezewa uhai kiasi gani kila unapopanda ngazi, na hesabu hiyo hairudi nyuma: ukiikuza mwishoni, ngazi zilizopita hazikulipi. The Warrior nayo ni nzuri, maana inakuongezea uwezekano wa pigo lako kumpata adui.

Epuka The Atronach kwa sasa. Inakupa hazina kubwa ya uchawi, lakini ukilala hairudi.

Kwa nini nampiga adui na silaha inapita bila kumgusa?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo ufunguo wa gemu nzima.

Kwenye Morrowind, kuona upanga umemfikia mtu hakumaanishi umempata. Kila pigo linapigiwa hesabu kichinichini. Gemu inachukua stadi yako ya silaha hiyo, inaongeza moja ya tano ya Agility (wepesi) na moja ya kumi ya Luck (bahati). Jumla hiyo inazidishwa kwa namba inayotegemea mstari wa kijani ulio chini ya skrini: ukiwa umejaa inazidishwa kwa 1.25, ukiwa mtupu kwa 0.75. Kisha uwezo wa adui kukwepa unatolewa.

Tuchukue mhusika mwenye Agility 40 na Luck 40. Akiwa na stadi ya 50 na mstari umejaa, anampata adui mara 77 hivi katika mapigo 100, kabla ya kuhesabu ukwepaji. Stadi ile ile mstari ukiwa mtupu inashuka hadi 46. Akishika silaha ambayo stadi yake ni 5, na amefika mbio hana pumzi, ni mara 13. Hapo ndipo watu wanapofunga gemu.

Mstari wa kijani ni pumzi yako. Kukimbia kunaumaliza, kuruka kunaumaliza, kupiga kunaupunguza. Mgeni hukimbia kutoka kijijini hadi pangoni, anaingia akihema, anampiga jambazi mara nane bila kumgusa, anakufa. Anayeujua mchezo hukimbia safari, lakini akiona mlango wa pango husimama, anapumua, anaangalia mstari umejaa, ndipo anaingia. Pumzi hiyo hiyo inaingia kwenye uchawi, kwenye kufungua kufuli, hata kwenye bei anayokupa mfanyabiashara. Ukienda kupatana bei ukiwa unahema, unapunjwa.

Mambo mengine mawili yanayohusu hili. Hakikisha silaha uliyoshika ni ya stadi uliyochagua: kisu cha mwanzoni kinatumia Short Blade (visu na panga fupi), na wengi waliochagua Long Blade hupigana nacho saa nzima bila kutambua. Pia, shikilia kitufe cha kipanya kabla ya kuachia pigo, kwa sababu pigo lililovutwa hadi mwisho ndilo lenye nguvu kamili. Kwenye mipangilio washa Always Use Best Attack, ili usilazimike kupanga hatua za miguu kwa kila aina ya pigo.

Nikishusha kiwango cha ugumu, nitampata adui zaidi?

La. Kiwango hicho kinabadilisha madhara mnayotiana, si uwezekano wa kupiga. Kishushe ukitaka kupumua kidogo, hakuna ubaya, lakini tatizo la kukosa linatibiwa kwa stadi na pumzi.

Uchawi wangu nao unashindwa kila mara. Kwa nini?

Kwa sababu ile ile. Uchawi una uwezekano wake wa kufaulu, na unategemea stadi ya tawi lake, Willpower (nguvu ya nia) na pumzi. Asilimia yake imeandikwa kando ya jina la uchawi kwenye orodha, kwa hiyo iangalie kabla hujautegemea uchawi usioweza kuutamka. Uchawi mdogo unaofaulu mara 90 unashinda mkubwa unaofaulu mara 15.

Mstari wa bluu, yaani hazina yako ya uchawi, haujijazi wenyewe ukitembea. Ni kulala au kunywa dawa. Hati za uchawi na vitu vilivyotiwa uchawi havishindwi kamwe, hivyo hata shujaa wa chuma mtupu afaidike navyo.

Nimetoka ofisi ya sensa na ushuru, niko Seyda Neen. Sasa?

Usiondoke kijijini bado. Seyda Neen ni kadogo, lakini kamejaa vitu vya kukufundisha gemu inavyofikiri.

Kabla ya kutoka nje kabisa, utapita ua mdogo wenye pipa. Ndani ya pipa kuna pete ya uponyaji. Ukitoka, mtu mmoja wa jamii ya Bosmer anayeitwa Fargoth atakusimamisha kuulizia pete yake. Unaweza kumrudishia au kubaki nayo. Ukimrudishia, yeye na rafiki yake Arrille, mwenye duka la hapo, watakupenda, na Arrille atakupa bei nafuu. Hakuna dirisha litakalokutokea kukuambia umefanya jema au baya. Watu wanakumbuka tu.

Panda ghorofani kwa Arrille. Mtu aitwaye Hrisskar atakuomba umpeleleze Fargoth huyo huyo usiku, ujue anaficha wapi fedha zake. Panda kwenye mnara wa taa, subiri giza, mtazame anavyonyata kwenye kinamasi. Ni kazi ndogo, haina vita hata kidogo, na naipenda kuliko misheni nyingi kubwa za gemu nyingine.

Nje ya kijiji kuna maiti ya mtoza ushuru, Processus Vitellius, na fedha anazo. Waweza kuzichukua ukanyamaza, au ukaripoti ofisini na kuanza kumsaka muuaji. Kuna pia pango la wafanya magendo, Addamasartus, lenye watu waliofungwa minyororo ndani. Lisogelee kwa tahadhari, kwa kuwa mmoja wa wafanya magendo hao ni mchawi na anaweza kukumaliza haraka. Na ukiifuata barabara kwenda kaskazini, mtu atadondoka kutoka angani mbele yako akipiga kelele. Soma maandishi aliyonayo kwa makini kabla hujajaribu kitu chochote alichokuwa amebeba.

Mshale wa kunionyesha njia uko wapi?

Haupo, wala alama inayoelea juu ya kichwa cha mtu haipo.

Unachopewa ni maneno. Mtu atakuambia toka kwa lango la kusini, vuka daraja, fuata barabara mpaka kwenye kibao, kisha shika kushoto mpaka uone mnara. Maneno hayo yanaingia kwenye shajara, nawe unayafuata kama mtu aliyeelekezwa njia na mwenyeji. Barabarani kuna vibao vya majina ya miji, visogelee ukavisome. Maneno ya bluu kwenye mazungumzo ni mada unazoweza kuwauliza watu wengine, kwa hiyo ukikwama rudi mjini ukaulize. Wenyeji wanajua mambo ya kwao, na msomi au mchuuzi anaweza kukuambia asiyoyajua askari.

Mara chache maelekezo yana makosa, na hilo ni kosa la waliotengeneza, lisikukatishe tamaa. Ukizunguka nusu saa bila kuona mlango, angalia ramani ya kisiwa mtandaoni bila aibu. Lakini usianze na ramani hiyo. Ukitembea kwa maelekezo ya maneno unaitazama nchi: unakumbuka jiwe lile, mti ule, bonde lile la majivu. Baada ya saa ishirini utakuwa unakijua kisiwa kichwani, jambo ambalo mshale haujawahi kumpa mtu.

Kisiwa ni kikubwa na mwendo wangu wa polepole. Nisafirije?

Mwendo wa kuanzia ni wa taratibu kweli, na unaongezeka kadiri sifa ya Speed na stadi ya Athletics zinavyokua. Kwa safari ndefu kuna silt strider, mdudu mkubwa mwenye miguu mirefu aliyechongwa nafasi ya abiria mgongoni. Yuko pembeni mwa Seyda Neen, na kwa nauli ndogo anakufikisha Balmora, Vivec, Suran au Gnisis. Kuna mashua kwenye miji ya pwani, na chama cha wachawi kina watu wa kukuhamisha papo hapo kutoka tawi moja hadi jingine.

Njia hizi zina vituo vyake na hazifiki kila mahali, kwa hiyo unajifunza kuziunganisha: strider mpaka hapa, mashua mpaka pale, halafu miguu. Kisha nunua mapema uchawi au hati za Almsivi Intervention, inayokutupa kwenye hekalu la karibu, na Divine Intervention, inayokupeleka kwenye madhabahu ya Dola iliyo karibu. Mambo yakiharibika pangoni, hiyo ndiyo mguu niponye yako. Baadaye kuna Mark na Recall: unaweka alama mahali, unarudi hapo ukitaka.

Caius Cosades ananiambia nikajijenge kwanza. Nifanye nini?

Umtii. Huyu ndiye mtu wa Balmora uliyeletwa kwake (ukishindwa kumpata, ulizia klabu ya South Wall). Akikuambia ujiunge na chama upate uzoefu, si maneno ya kupita tu. Hadithi kuu imeandikwa kwa mtu anayeiacha, anaishi, anairudia.

Palepale Balmora kuna chama cha wapiganaji, cha wachawi, na wezi wenyewe wako klabuni. Kwa wachawi, Ajira anakutuma uyoga aina nne ambao mwingi unaota kwenye kinamasi cha Seyda Neen. Kwa wapiganaji, unatumwa kuua panya nyumbani kwa mwanamke mmoja. Ni kazi za mtoto wa chama, ndiyo, lakini ukiwa mwanachama unapata kitanda, mafunzo na watu wanaokuuzia.

Vyama vingi unaweza kuvichanganya. Koo kubwa, Hlaalu, Redoran na Telvanni, unachagua mmoja tu, kwa hiyo usiharakie.

Kupanda ngazi kunafanyaje kazi?

Stadi inakua kwa kuitumia, au kwa kumlipa mwalimu. Stadi kuu na za pili zikikua mara 10 kwa jumla, lala usingizi na utapanda. Hapo unachagua sifa tatu kati ya nane za kuongeza, na kila sifa inaweza kupanda kwa pointi moja hadi tano kulingana na stadi zake ulizozitumia.

Kuna wachezaji wanaohesabu kila kitu kwenye karatasi wapate tano kila mara. Huna haja. Gemu hii si ngumu kiasi hicho mbele ya safari. Chukua Endurance kila unapoweza katika ngazi za mwanzo, na zilizobaki fuata unachokifanya.

Nalala, naamka na muuaji ananichoma kisu. Kosa gani nimefanya?

Hakuna. Ni nyongeza ya Tribunal inayowatuma wauaji wa Dark Brotherhood, na inaweza kuwatuma ukiwa bado ngazi ya kwanza. Hilo ni pungufu la kweli katika mpangilio wa toleo kamili, na kuna modi ndogo za kuwachelewesha. Usipotaka modi, hifadhi gemu kabla ya kulala. Ukimshinda mmoja, mavazi yake yana thamani kubwa na yatakutoa kwenye umaskini mara moja. Ili kuwakomesha, uliza askari, kisha umtafute Apelles Matius huko Ebonheart.

Naweza kulala popote?

Nje ya miji, ndiyo, kama hakuna adui karibu. Ndani ya mji ni lazima kitanda kiwe cha kwako, cha chama chako au ulichokilipia.

Wafanyabiashara hawana fedha za kununua nilivyopata. Nauza wapi?

Kila mfanyabiashara ana kiasi chake, nacho kinarudi baada ya saa 24. Kwa vitu vikubwa, nenda mji wa Caldera, nyumba ya Ghorak. Ghorofani kuna kiumbe mdogo anaitwa Creeper, ana dhahabu 5,000 na hakupunji bei. Ukibeba skooma au sukari ya mwezi, dawa za kulevya za huko, wachuuzi wengi watakataa kufanya biashara nawe mpaka uitoe mfukoni. Watu hukaa wakishangaa duka zima limewanunia, kumbe ni chupa moja waliyoiokota pangoni.

Kuhusu wizi: usimuuzie mtu kitu ulichomwibia yeye mwenyewe. Anakitambua.

Nimemuua mtu, ukatokea ujumbe kwamba uzi wa unabii umekatika. Ndiyo basi?

Umemuua mtu wa lazima kwa hadithi kuu. Gemu nyingi za siku hizi zingekuzuia, hii inakuachia. Njia rahisi ni kurudi kwenye hifadhi ya nyuma. Ukiendelea, dunia yote inabaki wazi, na kuna hata njia ya mlango wa nyuma ya kuumaliza mchezo, ila ni ngumu na si ya safari ya kwanza.

Kwa hiyo hifadhi mara kwa mara, kwenye nafasi tofauti. Kitufe cha F5 kinahifadhi haraka, lakini kinaandika juu ya kile cha mwanzo. Usikitegemee peke yake.

Nimenaswa kati ya mawe, siwezi kutoka.

Fungua konsoli (dirisha la kuandikia amri) kwa kitufe kilicho juu ya Tab, andika fixme, bonyeza Enter. Utasogezwa pembeni.

Nimetumwa kwenye magofu ya Arkngthand na silioni sanduku la Dwemer, wale watu wa kale!

Karibu. Hapa ndipo wamepotelea watu wengi kuliko mahali pengine popote kisiwani.

Kama hata mlango haujafunguka, tafuta mkono wa kuzungusha kwenye bomba lililo jirani, uuzungushe, kisha rudi mlangoni upesi kabla haujajifunga. Kama uko ndani tayari, acha kufungua makasha. Sanduku lenyewe ni dogo kuliko unavyolifikiria, ni mchemraba wa chuma unaoshikika mkononi, na limewekwa wazi kwenye rafu kama chombo cha nyumbani. Waliolikosa wote walilipita wakitafuta kitu kikubwa. Chukua tochi, punguza mwendo, na utazame rafu moja baada ya nyingine.